Zamu ya Usiku

Ni kadogo, kama stempu ya barua.
Ukikainua mbele ya taa utaona mifereji miwili:
huku hewa, huku damu ya kuigiza,
katikati utando mwembamba
kuliko ngozi ya maziwa yaliyochemka.
Juu ya utando zimelala seli, ndani ya jeli,
maji yaliyofundishwa kusimama.

Nilipomweleza mama alicheka hadi akashika mbavu:
"Kwa hiyo, Subilaga, mmepika mlenda
mkaupandia mapafu?"
Karibu hivyo, mama.
Jeli ikiwa ngumu, seli hujidhania mfupa.
Ikilegea mno, zinajikunja, zinakata tamaa.
Miezi minne nilikitafuta kipimo,
nikimwaga kikombe baada ya kikombe
kama bibi harusi asiyejua maji ya ugali.

Kwenye fomu hakuna jina.
Kuna namba ishirini na tatu. Mwanamke. Miaka sitini na moja.
Isongole. Mpishi wa shule.
Nyama waliyomtoa siku ya upasuaji
haikuzidi punje ya harage,
na sheria yasema nisiulize zaidi.

Siulizi. Ila seli zake za mwanzo
zilikuja na masizi yake,
vidoa vyeusi chini ya darubini,
kila kidoa sufuria la uji wa watoto mia tatu,
kila kidoa gogo la mkaratusi lisilokauka
na mtu amepiga magoti, anapuliza.

Sisi tunazipulizia moshi huohuo, kwa kipimo.
Zinavimba. Zinatoa makamasi.
Tunaweka dawa, tunaandika, tunangoja.

Juni, basi. Baridi imeshuka kutoka Loleza
imeingia hadi kwenye meno.
Saa saba na dakika kumi umeme ukakatika.
Jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.
"Dizeli?" akasema Syabumi, mlinzi. "Iliisha Alhamisi, dada.
Barua ipo mezani kwa Daktari Ambakisye.
Imekaa juu kabisa."

Pampu kimya.
Pafu limesimama.

Nikalitoa na mirija yake, nikalifunga kwa khanga,
nikaliweka kifuani, chini ya sweta mbili.
Syabumi akanipa chupa yake ya chai, niikumbatie.
Mpira wa hewa nikauunga kwenye bomba la sindano:
vuta, achia,
mara kumi na mbili kwa dakika.
Simu ilipozima chaji sikuwa tena na saa,
nikafuata pumzi yangu mwenyewe.
Vuta. Achia.
Ikafika mahali sikujua
nani anamfuata nani.

Nikawaza: na yeye huko Isongole,
yuko macho? Amejifunika blanketi ngapi?
Anakohoa sasa hivi, anamuamsha mjukuu,
wala hajui kwamba kajipande kake
kanapumua Mbeya mjini
juu ya matiti ya mtu asiyemjua.

Kidole gumba kilikufa ganzi saa tisa.
Nikahamia cha kushoto.
Syabumi alitaka kunipokea, akaona mikono yake
inavyotetemeka, akakaa, akanihesabia kwa sauti
mpaka usingizi ukamchukua kwenye arobaini na kitu.

Umeme ulirudi saa kumi na moja.
Daktari alisoma ripoti yangu akiwa amesimama:
*Hitilafu ya umeme, karibu saa nne. Mfumo uliendelea.*
"Vizuri," akasema. Akauliza kama zipo glavu saizi kubwa.

Nikashuka Mwanjelwa kutafuta chai.
Mama mmoja alikuwa anawasha jiko,
ameinama, mashavu yamejaa,
anapuliza, anapuliza,
moshi ukamrudia usoni, akakohoa
kikohozi kirefu, cha chini, ninachokijua.

Nilisimama pale na shilingi elfu yangu mkononi.
Gumba langu, bila kuniomba ruhusa,
lilikuwa linasukuma hewa.